Mvua ilifagia barabara, moshi ukabaki koridoni

Kwetu Mabibo, Dar es Salaam, mvua ya kwanza haikingwi. Mtoto akikimbilia na ndoo chini ya mchirizi, mtu mzima yeyote aliye karibu atamwambia aache kwanza bati lioge. Maji ya mwanzo huteremka na rangi ya chai ya maziwa, yamebeba majani makavu, kinyesi cha kunguru na vumbi la miezi mitatu. Ikipita robo saa hivi ndipo ndoo zinatoka ndani.

Mwishoni mwa mwaka 2022, vuli ilipochelewa mpaka watu wakaanza kuulizana kama itakuja kweli, niliweka ndoo nyeupe katikati ya uwanja, mbali na bati na mbali na mwembe wa jirani. Nilitaka kujua uchafu kiasi gani unatoka kwenye bati na kiasi gani unatoka juu. Mvua ilipiga kama dakika ishirini, ikakatika. Ndoo ilipata maji ya kimo cha kidole kilicholala. Nikaiacha usiku kucha itulie. Asubuhi chini palikuwa na utando wa tope laini kama unga wa ulezi. Ukipitisha kidole unaacha njia nyeupe. Kidole chenyewe kilitoka na weusi kama wa masizi, tofauti kabisa na mchanga wa barabara yetu. Maji yale hayakuwa yamegusa bati lolote. Nililitazama lile tope, kisha nikaenda kumtazama mwanangu aliyekuwa bado amelala, mdomo wazi, kifua kinatoa sauti nyembamba kama ya kipenga.

Mimi ni fundi cherehani. Meza yangu iko kibarazani, inatazama barabara ya mtaa inayotokea upande wa Barabara ya Mandela, ile inayopitisha malori ya bandarini usiku na mchana. Novemba na Desemba ndiyo miezi yangu mikubwa, kwa sababu shule zinafunguliwa Januari na kila mzazi anataka shati jeupe. Mtu asiyeshona hawezi kujua shati jeupe linavyotoa ushahidi. Nikikata kitambaa saa mbili asubuhi nikakiacha juu ya meza, saa sita mikunjo yake imeshajichora mistari ya kijivu. Vuli ya 2022 nilirudisha mashati mawili kwa wenyewe nikiwa nimeyafua mara mbili, na bado kola zilikuwa na kivuli.

Mwaka ule mambo yalijikusanya. Barabara ya mtaa ilikuwa imechimbwa ili iwekwe lami. Mkandarasi alitakiwa kumwagia maji kila siku, lakini lile boza tuliliona siku ambazo wakubwa walikuja kukagua. Sisi wenye biashara za barazani tulikuwa tunamwaga wenyewe, kila mtu mbele ya mlango wake, asubuhi na alasiri. Kisha Mto Ruvu ukapungua kwa ukame, Dar es Salaam nzima ikaingia kwenye mgawo wa maji, na hakuna mtu mwenye akili timamu angemwaga barabarani maji aliyoyanunua kwa dumu. Kuanzia hapo kila bajaji iliyopita ilituachia wingu.

Mwanangu alikuwa na miaka saba. Pumu alianza nayo akiwa na minne. Kliniki walikuwa wamempa inhela, na muuguzi mmoja, Mungu ambariki alipo, alichukua chupa ya maji ya nusu lita, akatoboa kitako chake kwa kipimo cha mdomo wa inhela, akaniambia, "Mama, dawa ukiipuliza moja kwa moja inaishia ulimini. Ipulize humu, yeye avute taratibu mara tano, sita." Chupa ile imefanya kazi kubwa kuliko vitu vingi nilivyowahi kununua kwa bei kubwa. Muuguzi huyo huyo ndiye aliyenitaka niwe na daftari la kuandika siku anazokohoa na kilichotokea siku hiyo.

Fundi huzoea vipimo, kwa hiyo daftari langu likawa na safu. V ni siku ya vumbi. M ni siku ya mvua. U ni usiku aliokohoa mpaka akaamka. Oktoba na Novemba za 2022 zimejaa V na U zikifuatana. Mvua iliponyesha zile siku chache za Desemba, U zikapotea kabisa kwa siku nne. Niliona kwa macho yangu kilima cha Chuo Kikuu kikiwa safi, miti unaweza kuihesabu mmoja mmoja, wakati wiki iliyotangulia kilikuwa kama picha iliyofifia. Nikajiambia, na nikawaambia wenzangu, kwamba dawa ya kifua cha mwanangu ni mvua. Majirani nao walisema vivyo hivyo. Tuliiomba mvua kwa moyo mmoja.

Ikaja. Mwaka 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitutangazia El Niño mapema, na safari hii vuli haikuchelewa. Ilinyesha Oktoba, Novemba na Desemba, mchana na usiku, Bonde la Msimbazi likafurika, barabara zikakatika. Kibarazani kwangu vumbi likaisha. Mashati yangu yalitoka meupe kama yalivyotoka dukani. Nikalala usingizi nikijua mwaka huu mwanangu anavuta hewa safi.

Hapa inabidi nieleze nyumba tunayoishi, kwa maana kisa chote kiko humo. Ni nyumba ya korido: mlango wa mbele, korido ndefu katikati, vyumba vitatu kila upande, mlango wa nyuma unaotokea uani. Wapangaji sita, majiko saba, kwa sababu bibi wa chumba cha mwisho anapika vitumbua vya kuuza na ana majiko mawili. Kiangazi kila mtu anapikia uani. Mvua ikianza uani hakupikiki, hivyo majiko yanaingia koridoni, mstari mmoja kama watoto wa shule. Mkaa umelowa kwenye magunia, haushiki, basi mtu anachoma kipande cha nailoni juu yake ili ushike. Mlango wa mbele umefungwa kwa sababu mvua inapiga kutoka huko. Wa nyuma umerudishiwa kwa sababu maji ya uani yanataka kuingia. Mlango wa chumba changu ulikuwa pazia la kitenge tu wakati wa jioni, na dirisha nilikuwa nimeligongea ubao tangu bati la juu lilipoanza kurushia maji kitandani.

Moja ya majiko yale saba lilikuwa langu. Mimi pia nilichoma nailoni.

Usiku mmoja wa Novemba mwanangu aliamka akiwa amekaa, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka. Nilipulizia dawa kwenye chupa, mara nne, kisha mara nne tena. Hakuweza kumaliza neno. Akawa anasema "ma", anasimama, anavuta pumzi, "ma". Ngozi katikati ya mbavu ilikuwa inaingia ndani kila akivuta. Barabara ilikuwa imejaa maji, bajaji hazipiti. Kijana wa chumba cha mbele alimbeba mgongoni, mimi nikashika mwavuli juu yao, tukapita kwenye maji ya magoti mpaka barabara kubwa. Nakumbuka hewa ya nje usiku ule. Ilikuwa baridi, nyepesi, inanukia udongo. Nilikuwa navuta hewa nzuri kuliko zote nilizovuta mwaka ule, huku nikimpeleka mwanangu hospitali kwa kukosa hewa.

Alilazwa siku tatu. Walimwekea mashine ya mvuke na oksijeni. Siku ya pili, akiwa amelala, nilifungua daftari nikahesabu. Mwezi ule kulikuwa na U kumi na moja, na tisa kati yake zilikuwa mbele ya M. Nilihesabu tena nikidhani nimekosea mstari. Hapakuwa na V hata moja mwezi mzima.

Daktari aliniuliza swali moja tu: "Mnapikia wapi mvua ikinyesha?" Aliponisikiliza hakunigombeza. Alisema pia nikaangalie ukungu ukutani, kwa sababu kuta zikilowa siku nyingi zinaota ukungu, nao unachokoza pumu. Tulikuwa nao, kona ya nyuma ya kabati, mweusi na madoadoa. Sikuwa nimeuona kwa sababu sikuwa nimelisogeza kabati.

Yule kijana aliyembeba alikuwa mwanafunzi wa chuo, anasomea mambo ya mazingira. Tuliporudi nyumbani alinipa maelezo ambayo nimeyarudia kwa watu wengi tangu hapo.

"Dada," aliniuliza, "umewahi kumpiga inzi kwa kiganja?"

Nikamwambia mara nyingi, na mara nyingi nimemkosa.

"Unamkosa kwa sababu kiganja kinasukuma upepo mbele yake, na upepo ule unamsukuma inzi pembeni. Tone la mvua liko hivyo hivyo. Likianguka linasukuma hewa. Vumbi la barabara ni zito, halina muda wa kukwepa, linagongwa. Moshi ni mwepesi, unafuata hewa, unazunguka tone na kubaki juu."

Akaendelea kunifafanulia. Vumbi nene, lile linaloonekana kwenye shati, mvua inalikamata vizuri. Chembe ndogo kupita kiasi nazo zinakamatwa, kwa sababu zinatikisikatikisika hovyo hewani mpaka zinaligonga tone zenyewe. Zinazoponyoka ni za katikati, zenye upana kati ya sehemu ya kumi ya mikromita na mikromita moja. Unywele wa mtu una upana wa mikromita hamsini au zaidi, kwa hiyo hizo hatuzioni moja moja. Tunaona utusitusi tu. Bahati mbaya moshi wa mkaa, wa taka na wa dizeli ya malori umejaa chembe za kipimo hicho hicho, na ndizo zinazofika mwisho kabisa wa mapafu. Wataalamu wanazijumlisha humo kwenye kundi wanaloliita PM2.5, yaani chembe zote zisizozidi mikromita mbili na nusu. Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake mwaka 2021: wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na wa siku moja usizidi 15. Hapo awali kiwango cha mwaka kilikuwa 10.

Nikamuuliza, mbona basi mvua kubwa ikinyesha hata utusi wa mbali unaondoka? Akasema kuna njia nyingine, ya mawinguni. Tone la wingu halijitengenezi hewani tupu; mvuke unahitaji chembe ya kushika, iwe chumvi ya bahari, vumbi au masizi. Chembe ndogo zikipanda mpaka huko zinakuwa kokwa za matone, na mvua ikishuka zinashuka nayo. Halafu mvua za kwetu huja na upepo unaobadilisha hewa yote, na ardhi ikilowa hairuki tena. Kwa hiyo mji unasafishwa kweli. Ila hiyo ni hewa ya juu na ya nje. "Koridoni kwetu," alisema, "hakuna wingu na hakuna tone."

Alikuwa na kisanduku cha kupimia alichoazimwa kwa ajili ya utafiti wake, kidogo kama redio ya mfukoni, kina feni ndani na mwanga mwekundu unaohesabu chembe zinazopita. Kilikuwa kinaning'inia kibarazani kwangu tangu Septemba na sikuwahi kukiuliza chochote. Jioni ile alikihamishia koridoni, juu ya mlango wangu. Saa kumi na moja namba ilikuwa ya chini. Saa kumi na mbili majiko yalipoanza kuwashwa ikaanza kupanda, na mpaka saa moja ilikuwa imefika mahali ambapo nilidhani kimeharibika. Alifungua mlango wa mbele, mvua ikitupiga sote wawili, akakitoa nje kwa mkono. Namba ikaanguka kama jiwe. Akakirudisha ndani. Ikapanda. Bibi wa vitumbua alisimama anatazama mwiko ukiwa mkononi, hakusema kitu.

Nieleze jambo moja kuhusu visanduku hivi, maana sasa viko kwenye mitaa mingi na watu wanapeana picha za namba zake kwenye simu. Alfajiri baada ya mvua, unyevu ukiwa mwingi, chembe hunyonya maji na kuvimba, na kile kimwanga kinaziona kubwa kuliko zilivyo. Asubuhi nyingi za masika kisanduku kilisema hewa ya kibarazani ni mbaya, na saa nne jua likitoka ikawa nzuri ghafla. Kijana alikuwa anaandika unyevu pembeni ya kila kipimo ndipo anaamini. Mimi sasa nikitumiwa namba ya saa kumi na mbili asubuhi siku ya ukungu, naisubiri mpaka saa nne.

Kuhusu majiko, nilianza vibaya. Nilirudi kutoka hospitali na hasira, nikasema mbele ya wote kwamba moshi wao umetaka kuniulia mtoto. Bibi akanijibu kwa upole ulioniumiza kuliko matusi: "Mwanangu, unataka nikapikie mvuani?" Vitumbua vile ndivyo vinamlipia kodi. Anaamka saa tisa usiku. Nilimwomba radhi kesho yake, nikamwamkia na kukaa naye kwenye kigoda chake, na nikakiri jiko langu ni mojawapo.

Watu waliniambia ninunue gesi. Mtungi wa kilo sita niliununua, na naushukuru, chai na uji wa mwanangu vinapikwa humo. Lakini maharage ya saa tatu yanakula mtungi, na mkaa mtu anaununua wa kopo kwa hela aliyonayo leo. Gesi haiuzwi kwa kopo. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kuwafikishia nishati hiyo asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Naufuatilia kwa matumaini makubwa, na naomba ufike mpaka kwenye chumba cha mwisho cha korido kama yetu. Mvua ya Novemba ile, hata hivyo, ilikuwa inanyesha Novemba ile.

Tulichofanya ni banda. Baba mwenye nyumba alikataa mara mbili, akihofia moto. Mara ya tatu tulikwenda na bibi, naye alimwamkia kwa heshima ya mzee kwa mzee, akamwambia kwamba moto ukitokea koridoni hakuna atakayetoka. Akakubali kwa sharti tuchangie. Bati kuukuu, mirunda minne, sakafu iliyoinuliwa kwa matofali mistari miwili ili maji yapite chini. Ukuta upo upande mmoja tu, unakotoka upepo wa mvua. Pande nyingine ziko wazi na chini ya bati tumeacha nafasi ya kutosha moshi utoke. Mkaa unakaa kwenye pipa lenye kifuniko, humo humo. Nailoni tumekubaliana hapana. Tunawashia vijiti vikavu na karatasi. Jambo la mwisho ndilo lililokuwa gumu zaidi, na wapo wanaojisahau.

Masika ya 2024 ilikuwa ndefu na nzito, mpaka Kimbunga Hidaya kilipotusogelea mwanzoni mwa Mei. Daftari langu la Machi hadi Mei lina M nyingi kuliko miaka yote, na U nne. Nne si sifuri. Mbili zilikuwa siku za mafua. Nyingine mbili sikujua sababu.

Kisha mvua ikaisha, nami nikajifunza jambo nisilolitarajia. Nilidhani baada ya masika kutakuwa na wiki kadhaa za hewa safi kabla vumbi halijarudi. Haikuwa hivyo. Wakati wote wa mvua, matairi ya malori na bajaji yalikuwa yanabeba tope la mitaani na kulipaka juu ya lami. Mvua ilipokatika, jua la siku tatu likalikausha, magari yakalisaga likawa laini kuliko mchanga wa kawaida. Wiki ya kwanza ya Juni mashati yangu yalichafuka vibaya kuliko Februari. Sasa mvua ikikatika tu, sisi wa barazani tunatoka na majembe na kukwangua tope la mbele yetu likiwa bado bichi, tunalirudisha kwenye shimo lilikotoka. Likishakauka umechelewa. Na uwanja haufagiliwi kabla ya kunyunyiziwa maji, hata kikombe kimoja.

Kipupwe nacho kina tabia yake. Julai alfajiri ni baridi, upepo wa bahari bado haujaamka, na hewa iliyopoa usiku inalala chini huku ya vuguvugu ikikaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Watu wanafagia majani ya mwembe na kuyachoma uwanjani saa kumi na mbili na nusu, saa ile ile. Utaona moshi ukipanda mpaka kimo cha mnazi, kisha unakunja na kutandaa juu ya mabati, haupandi tena mpaka saa tatu upepo unapoanza. Mdogo wangu anaishi Nairobi, Embakasi, na anasema kwao Julai ni vibaya zaidi: mawingu mazito kila siku bila tone la mvua, baridi, na kila nyumba imeingiza jiko la makaa ndani ili ipate joto. Alinitumia taarifa ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham uliotoka mwaka 2020. Watafiti walichukua kumbukumbu za viwanja vya ndege za umbali ambao jicho linaweza kuona tangu miaka ya 1970, wakakadiria kutoka humo kwamba uchafu wa chembe hewani umeongezeka kwa asilimia 182 Nairobi, 162 Kampala na 62 Addis Ababa. Mvua za miji hiyo zimekuwa zikija na kuondoka miaka yote hiyo. Malori, majiko na majalala ndiyo yaliyoongezeka chini yake.

Nilipolisoma hilo nilikumbuka jinsi nilivyoiomba mvua 2022. Bado naiomba. Naijua sasa saa zake pia: ule upepo unaotangulia mvua kubwa, unaoinua vumbi lote la mtaa kwa dakika tano kabla ya tone la kwanza, ni saa ya kumwita mtoto ndani na kushusha pazia. Mara tu matone yakishashika, pazia linapandishwa na ubao wa dirisha unatolewa. Bati lililokuwa linarushia maji tulilirefusha kwa futi mbili, ndiyo dirisha linakaa wazi masika nzima. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimemfungia mwanangu ndani na moshi kwa kuogopa matone ya maji kitandani.

Alifikisha miaka tisa. Vuli ya 2024 haikuwa na mvua nyingi, lakini ya kwanza ilipokuja alikuwa ameshaweka ndoo yake katikati ya uwanja, na nyingine chini ya mchirizi, apate kulinganisha. Ya mchirizi ilikuwa chai ya maziwa kama kawaida. Ya uwanjani ilikuwa na utando wa kijivu, mwembamba kidogo kuliko ule wa 2022, au labda mimi ndiye niliyetaka uwe mwembamba. Mvua ya pili, siku mbili baadaye, aliweka tena. Utando haukuonekana mpaka tulipoinamisha ndoo juani.

Jioni ile bibi alikuwa bandani anakoroga maji ya vitumbua, moshi unatoka chini ya bati na kukatwa na mvua, sehemu unashuka, sehemu kubwa unapita na kwenda zake juu ya ukuta wa jirani wa nyuma. Nyumba ile nayo ni ya korido, wapangaji wanane, na mlango wao wa nyuma ulikuwa umefungwa. Nilisikia mtoto anakohoa humo, kikohozi kikavu ninachokijua. Nilizunguka na mwavuli nikabisha hodi. Mama aliyefungua alikuwa amemshika mtoto begani, macho yake mekundu kwa moshi. Nilimwambia bandani kwetu kuna nafasi ya majiko mawili zaidi, na mwanangu akamletea chupa ya nusu lita iliyotobolewa kitako, ile ya akiba. Amesema Jumamosi ataleta jiko.